Mbuzi wa Idd: mkato uwe vipi ili afe upesi bila kuteseka?

Kijana_wa_Kisauni

Assalaam alaykum wakuu. Idd kubwa hii nyumbani kwetu nitachinja mimi: madume mawili ya kilo 30 hivi, wa kutoka Mariakani. Nia na Bismillahi hazinitatizi, madrasa tulifunzwa. Ninachotafuta ni upande wa mkono. Kisu cha aina gani, na nitajuaje kimefika makali yanayotakiwa? Mkato uanzie wapi hasa na uishie wapi? Nitajuaje mnyama amekwisha kufa ndipo nianze kuchuna?

Mitaani kila Idd utamwona mtu na kisu cha kukatia sukuma, anakereza shingo kama anayekata ubao, huku wengine wanne wamemlalia mbuzi. Halafu watu wanaambiana kuwa mauti ndivyo yalivyo. Sikubali kwamba lazima iwe hivyo. Mwenye ujuzi anipe kwa undani, na aniambie pia yanayoharibika na sababu yake.

FundiMakali

Waalaykum salaam kaka. Nusu ya kazi inaisha siku moja kabla, kwenye kinoo.

Kisu kwanza. Bapa liwe limenyooka au lenye mpindo mdogo sana, na urefu wake usipungue mara mbili ya upana wa shingo. Shingo ya dume la kilo 30 ina kama sentimita 10 hadi 12, kwa hiyo tafuta bapa la sentimita 25. Kisu kifupi kina madhara mawili: kinakulazimisha urudi kidondani mara nyingi, na ncha yake inazama ndani ya nyama na kuchoma badala ya kukata. Mpini uwe na mikwaruzo, maana ule laini ukishaloa damu unateleza.

Usinoe kwa tupa, wala kwenye ukingo wa ngazi ya saruji. Tupa inaacha meno, na meno yanararua. Ukigusa kwa kidole utadhani ni kikali, lakini kwenye koo kinakwama. Nunua jiwe la kunolea la pande mbili, chembe 400 upande mmoja, ule wa kukwaruza, na 1000 upande wa pili, ule laini. Liloweshe maji. Laza kisu juu yake, kisha inua mgongo wa bapa nyuzi 15 hadi 20. Bapa la upana wa sentimita 4 mgongo wake utakuwa umeinuka sentimita 1 na kidogo, na pembe hiyo usiibadilishe hata mara moja. Noa upande mmoja kuanzia mpinini mpaka nchani hadi kidole gumba kisikie, upande wa pili, kijiukingo chembamba cha chuma kilichojikunja urefu mzima wa makali. Kama kipo katikati tu, mwisho wa kisu bado butu. Geuza, fanya vivyo hivyo. Halafu hamia kwenye 1000 kwa mkono mwepesi, ukibadilisha upande kila unapopitisha, mpaka kijiukingo kile kipotee. Malizia kwa kukiburuta kinyumenyume kwenye mkanda wa zamani wa ngozi.

Kupima: shika karatasi ya gazeti kwa vidole viwili tu, kisu kipite bila kuikunja. Halafu pitisha makali juu ya ukucha wa gumba, polepole, bila kukandamiza, tangu mpinini hadi nchani. Kila pengo litakugonga ukuchani. Pengo dogo tu linatosha kumfanya mnyama aruke, na akiruka mkono wako umepotea njia. Ukilisikia, rudi kwenye jiwe. Pima tena baada ya mbuzi wa kwanza, kwa sababu kisu kikigusa mfupa wa shingo, hapo makali yamekwenda. Mwenye mbuzi wawili aandae visu viwili.

Sasa mkato. Siku ya kazi pangusa koo kwa kitambaa chenye maji na ubane ndevu pembeni. Manyoya yenye mchanga ndiyo yanayoua kisu kabla hakijafika kwenye ngozi. Papasa koo kwa kidole uanzie kidevuni: utakuta kifundo kigumu, chini yake linaanza bomba la hewa lenye pingili. Mkato wako unapita chini kidogo tu ya kifundo hicho, upana wa kidole kimoja au viwili, na kifundo kinabaki upande wa kichwa. Ukikata juu ya kifundo umekata mahali pasipofaa kwa sheria na kwa kazi. Ukishuka mno karibu na kifua, nyama ya shingo ni nene na ateri zimezama ndani zaidi.

Weka makali, kandamiza, na uvute kwa urefu wote wa bapa. Si kuchezesha sentimita tano za katikati. Kwenda na kurudi, bila kuinua kisu, mpaka umefika karibu na uti wa shingo lakini hujaugusa. Kwa kisu kilichonolewa hivyo, harakati mbili zinatosha, aghalabu hata moja.

DaktariMifugo

FundiMakali amesema kweli. Naongeza yaliyo ndani ya shingo, kwa sababu mtu akijua kilichopo hapo hatakata nusu.

Mbele kuna koromeo, yaani lile bomba la hewa, nyuma yake na kushoto kidogo kuna umio, njia ya chakula. Kila upande pana vena kubwa, iko karibu na ngozi, na ateri, ambayo iko ndani zaidi, pembeni na nyuma ya koromeo. Hapo ndipo kosa linapotokea. Mchinjaji mwoga anasikia hewa inatoka kwenye koromeo, anaona damu, anainua kisu. Amekata vena tu. Ateri bado zinapeleka damu kwenye ubongo na mnyama anajua kila kitu.

Vipimo vya ubongo vilivyofanywa kwa kondoo vinaonyesha tofauti yake. Ateri mbili na vena mbili zikikatika kwa pamoja, ubongo unaacha kuitikia baada ya sekunde 14 hivi. Ikikatika ateri moja na vena moja, ni kama sekunde 70. Zikikatika vena peke yake, ni karibu dakika 5. Mbuzi hatofautiani sana na kondoo katika hili. Ng'ombe ni kisa kingine: ana ateri zinazopita kwenye uti wa shingo ambazo mkato haufikii, nazo zinaendelea kulisha ubongo, ndiyo maana huchelewa kuzimia hata akichinjwa vizuri.

Utajuaje papo hapo? Tazama damu. Ya vena ni nyeusi-nyekundu na inamwagika mfululizo. Ya ateri ni nyekundu angavu na inaruka kwa mapigo, pande zote mbili za kidonda. Ukiona inaruka upande mmoja tu, mkato wako haukufika upande wa pili. Rudisha kisu hapohapo, usingoje, usiulize mtu. Mbuzi wa kilo 30 ana damu lita 2 na kidogo, na inayotoka ni kama nusu yake. Sehemu kubwa hutoka dakika ya kwanza. Ikitoka kwa kuchuruzika tu, jua kuna mshipa haukukatika au midomo ya kidonda imejifunga.

Hilo la kidonda kujifunga watu hawalijui. Mshikaji akishaona kisu kimepita huachia kichwa, kidevu kinarudi kifuani, kidonda kinajibana. Kichwa kishikwe vilevile, koo likiwa wazi, mpaka mnyama amezimia. Kwa upande mwingine usikivute kichwa nyuma kupita kiasi: shingo inakakamaa, ateri zinavutwa kuelekea uti, na mbuzi hawezi kupumua vizuri kabla hata hujaanza. Kinyooshe kiasi cha ngozi ya koo kukazika, basi.

Mtayarisho wa mnyama nao una uzito wake. Mlete siku mbili kabla akiweza. Dume lililofungwa miguu na kubebwa kwenye bodaboda toka sokoni mpaka Kisauni, likachinjwa saa hiyohiyo, limeshatumia nguvu zote za akiba kwenye misuli. Baada ya kufa nyama haipati ule uchachu wa kawaida, inabaki nyeusi, ngumu, na inaoza mapema. Asipewe chakula kwa muda wa saa 12 kabla ya kuchinjwa, lakini maji apewe mpaka mwisho. Tumbo likijaa majani, ukimlaza anacheua, uchafu unapanda kooni na kumwagika kwenye kidonda. Akinyimwa maji, ngozi inashikamana na nyama na damu inakuwa nzito.

Mwangalie pia kama ni mzima. Joto la mwili la mbuzi huwa kati ya nyuzi 38.5 na 40. Aliyelegea, mwenye homa, anayetoa makamasi, au jike aliyetupa mimba hivi karibuni, usimchinje, umwite afisa wa mifugo. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu hapa Kenya mwaka 2006 na 2007, huambukiza kupitia damu ya mnyama mgonjwa, na mchinjaji ndiye wa kwanza kuipata.

Mzee_wa_Likoni

Vijana mnazungusha. Kata mpaka kichwa kitoke mkononi, afe mara moja, mambo yaishe. Shida ya nini kuhesabu sekunde?

DaktariMifugo

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Ukikata uti wa mgongo unakatisha mawasiliano ya ubongo na mwili, kwa hiyo miguu inatulia na unadhani amekufa. Fahamu inaondoka kwa kukosa damu tu, na hiyo haiharakishwi na kukata mfupa. Ulichofanya ni kuzima dalili zako mwenyewe za kumwangalia. Juu ya hayo, kisu kimegonga mfupa, na mbuzi wa pili atakatwa kwa makali yaliyovunjika.

UstadhMajengo

Na kisheria pia, mzee wetu, kukitenga kichwa kabla roho haijatoka ni makruhu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii hapa pwani, kinachowajibika ni koromeo na umio vikatike kabisa, na mishipa miwili ya damu ni sunna. Lakini mwenye kuiacha sunna hii anamtesa mnyama, kama Dakta alivyoonyesha kwa hesabu, na Mtume s.a.w. alituamrisha tunapochinja tuchinje vizuri, mtu anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Hadithi hiyo ya Shaddad bin Aws inaanza kwa kutaja wema katika kila kitu, na imehusu kuua kwa jumla. Uwindaji hapa kwetu ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo kwa wengi wetu mnyama tunayemuua kwa mikono yetu ni huyu wa kuchinja tu, na amri hiyo inatuangukia hapo hapo.

Yafuatayo katika adabu wengi wanayapuuza: kisu kisinolewe mbele ya mnyama, na mnyama asichinjwe mbele ya mwenzake. Umri nao uangaliwe kabla ya kulipa pesa, maana mbuzi wa udhhiya, yaani wa kuchinjwa Idd hii, kwetu awe ametimiza miaka miwili. Mfunue mdomo usimtazame pembe: meno mawili makubwa ya mbele huota akiwa kati ya mwaka mmoja na miwili, na jozi ya pili hufuata miaka miwili ikikaribia au kupita. Dume kubwa lenye meno ya maziwa ni mbuzi wa kitoweo.

Kijana wa Kisauni, uliza pia kuhusu kisu kikiinuliwa. Ukikiinua ukarudisha hapohapo ni mkato mmoja. Ukikiinua ukaenda kutafuta kisu kingine, mnyama akawa tayari anakata roho, hapo unaweza kuishia na kibudu. Ndiyo faida ya FundiMakali kukwambia uwe na viwili, na cha pili kiwe mkononi mwa mtu aliyesimama karibu.

Kijana_wa_Kisauni

Shukran sana wote, Allah awalipe. Yamebaki mawili. Kwanza, kumlaza: nyumbani tuko watatu tu, na uwanja ni mdogo. Pili, Dakta hujaniambia dalili za kufa. Mbuzi hurusha miguu kwa muda mrefu, na hapo ndipo watu hugombana, huyu anasema tayari, yule anasema bado.

DaktariMifugo

Miguu isikudanganye, pande zote mbili. Mbuzi aliyezimia kabisa hurusha miguu, tena kwa nguvu, kwa sababu misuli inacheza yenyewe baada ya ubongo kuzimika. Na mbuzi aliyetulia anaweza kuwa bado ana fahamu.

Tazama kichwa. Aliyepoteza fahamu hajaribu kuinua kichwa, taya limelegea, ulimi unatoka wenyewe, jicho limekodoa halifuati mkono wako. Hapo bado hajafa, lakini hana tena maumivu. Kufa kunathibitika kwa mambo matatu kwa pamoja: kifua hakipandi na kushuka kwa mpangilio, damu imeacha kuruka, na ukigusa mboni ya jicho kwa ncha ya kidole, polepole, kope halipepesi. Mikwaruzo ya hewa inayosikika mara mojamoja kooni si pumzi ya kweli, lakini ukiisikia endelea kungoja. Nchini Uingereza sheria inamkataza mchinjaji kumsogeza kondoo au mbuzi aliyechinjwa bila kuzimishwa fahamu kwanza, kabla ya sekunde 20 kupita. Hicho ni kiwango cha chini kabisa cha kumsogeza. Nyumbani ngoja dakika 3 au 4 ndipo uguse jicho. Likipepesa, ondoa mkono ungoje tena. Kumvunja shingo, kumchoma kisu kifuani au kuanza kupasua ngozi ya mguu "ili damu itoke upesi", yote hayo yakome.

FundiMakali

Watatu mnatosha, hata wawili wakijua.

Usimkamate kwa pembe na kumtupa chini. Simama ubavuni kwake, kifua chako kikigusa ubavu wake wa kulia. Pitisha mikono juu ya mgongo na chini ya tumbo, ushike miguu ya upande wa kushoto, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, juu kidogo ya magoti. Vuta miguu hiyo kuja kwako huku mwili wake ukiteremka taratibu kwenye magoti yako mpaka chini. Ukifanya polepole halii.

Subiri, hapo nisomeni vizuri: ukivuta miguu ya kushoto ukiwa kulia, atalala ubavu wa kulia. Unayemtaka alale ubavu wa kushoto, simama kushoto kwake na uvute miguu ya kulia iliyo upande wa mbali. Hakubali kulala? Basi mmoja ainue kifua na mwingine kiuno, mumlaze kwa pamoja. Kwa mbuzi wa kilo 30 hii ndiyo njia iliyo salama zaidi kwa watu wasiozoea, na ndiyo ningewashauri nyinyi.

Fundi_wa_Bamburi

FundiMakali, hesabu ya pili imegeuka. Ukisimama kushoto na kuvuta miguu ya mbali kuja kwako, mgongo unakwenda upande ule mwingine na anaangukia kulia. Kwa ubavu wa kushoto, ile ya kwanza, simama kulia uvute miguu ya kushoto, ndiyo sahihi: miguu inakuja kwako, mgongo unakwenda kushoto, na ubavu wa kushoto ndio unaogusa chini. Lakini la kumwinua watu wawili nakubaliana nalo moja kwa moja, hasa kwenye uwanja wa saruji ambako mbuzi huteleza na kuvunjika pembe.

FundiMakali

Sahihi kabisa, ahsante. Kijana, fuata hiyo.

Kuhusu mwelekeo, sisi Mombasa tumerahisishiwa: kibla chetu kiko karibu kaskazini kabisa. Mlaze ubavu wa kushoto, kichwa magharibi, upande wa bara, miguu na koo zikitazama kaskazini. Wewe uwe nyuma ya mgongo wake, nawe unatazama kaskazini. Mkono wa kushoto unashika kidevu, wa kulia una kisu. Mshikaji mmoja apige goti nyuma ya bega, ashike miguu ya mbele, asiukalie ubavu. Mtu mzima akikaa kwenye mbavu, mbuzi anakosa pumzi na ndiyo hapo anapopigana. Mwingine ashike kiuno.

Chagua sehemu yenye mchanga au tandika gunia lililoloa. Shimo la damu lichimbwe chini ya koo, sentimita 30 kwenda chini, kabla mnyama hajaletwa. Kelele za watoto, redio na jembe zote ziwe zimekwisha.

BintiKuze

La nyama msilisahau, kaka. Ikishachunwa itundikeni kivulini penye upepo, saa tatu au nne zinatosha kwa joto letu, kisha iingie friji. Ukiitia friza ingali na joto la mwili, misuli inajikunja na pilau itakuwa na nyama ya kutafuna mpaka Magharibi. Nyama ya kugawa isiwekwe kwenye mifuko ya plastiki ikiwa moto, inajitokea jasho na kuvunda. Na mkitaka kuuza hata kilo moja, sheria inataka ikaguliwe na mkaguzi wa nyama.

Kijana_wa_Kisauni

Barakallahu fiikum. Swali la mwisho: kamba. Nifunge miguu yote minne?

UstadhMajengo

Mitatu. Miwili ya mbele na wa nyuma wa kushoto, ulio chini. Wa nyuma wa kulia uache huru autikise anapotokwa na roho, hiyo ndiyo sunna.

DaktariMifugo

Na kamba iwe ya pamba au katani, nene kama kidole, fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Kamba nyembamba ya nailoni inakata ngozi na kuacha damu iliyovilia kwenye mundi. Mbuzi wa pili abaki nyuma ya nyumba na majani machache mbele yake asitishike, upande upepo unakotoka ili harufu ya damu isimfikie, na umlete tu damu ya kwanza ikishafukiwa na kisu cha pili kikiwa tayari.